Nilimcheka Msee wa Skii za Magurudumu. Nilikosea

Wasee, leo siko hapa kuwachekesha.

Wiki tatu zilizopita niliposti ile klipu. Wengi wenu mliiona. Kijana amevaa helmeti na glavu, ana fimbo mbili ndefu, miguuni amefunga vitu kama mbao nyembamba zenye magurudumu, na anapanda kilima cha lami mtaani kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nikaandika juu yake: "Anangoja theluji. Ati imekwama jam ya Mlolongo."

Mlicheka. Mkashea. Sijawahi kuposti kitu kikatembea vile.

Siku ya nne mwenyewe akaniandikia. Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Aliandika: "Bro, ni mimi yule wa video. Sina noma na wewe. Lakini hiyo barabara siwezi kuitumia tena. Watoto wananiita Theluji, sawa, hiyo naweza kubeba. Lakini jana matatu ilinisongea karibu kabisa ndio makanga anichukue video. Nilirukia mtaroni."

Nilisoma hiyo meseji mara tatu. Mtu nusura agongwe ili mimi nipate laiki. Sasa nataka kusema hapa hapa nilipokosea: nilicheka kitu ambacho sikukijua hata kidogo.

Kwanza, hiyo kitu ni nini? Zinaitwa skii za magurudumu. Ni fupi kuliko skii za theluji, na kila moja ina gurudumu mbele na lingine nyuma. Kiatu kinashikwa kwa vidole tu, kisigino kinabaki huru kuinuka. Zile za mtindo wa kawaida zina gurudumu linalokataa kurudi nyuma, ndio ukisukuma mguu upate mahali pa kukanyaga. Fimbo zina ncha ya chuma kigumu inayouma lami. Kwa hivyo hutembei na miguu pekee: mabega, mgongo, tumbo, vyote vinalipa. Na nyingi hazina breki. Soma tena hapo. Unashuka kilima, na hakuna breki.

Sio mchezo wa kuigiza. Norway, Sweden na Finland, theluji ikiisha, mabingwa wa skii za masafa wanaingia barabarani na hizi kitu miezi yote ya joto. Kuna hadi mashindano ya dunia ya skii za magurudumu tangu mwaka wa 2000. Fikiria hivi: mwezi wa saba, barabara nyingi za Oslo hazina theluji kama vile ya kwetu haina. Bingwa wao na yule kijana wa mtaani kwetu wako kwa lami ile ile. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayeuliza kama amerukwa na akili.

Lakini nyinyi mliniuliza kwa komenti: Mkenya na skii ni wapi na wapi?

Hapo ndipo aibu yangu inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu jibu ni letu wenyewe. Philip Boit. Mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa. Aliona theluji mara ya kwanza 1996, alipopelekwa Finland kujifunza, na kampuni ya Nike ndiyo iliyolipa. Akiwa nyumbani, ambako hakuna theluji ya kuteleza, alijinoa kwa skii za magurudumu. Mwaka wa 1998 akasimama kwenye mstari Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi.

Ilikuwa kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, karibu dakika 20 baadaye. Na Dæhlie alikuwa bado pale kwenye mstari. Alikataa kwenda kupokea medali mpaka Boit afike, akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani na baadaye mtoto wake akampa jina la Dæhlie. Halafu akarudi tena Olimpiki 2002 Salt Lake City, na tena 2006 Turin.

Nilimpigia mjomba wangu aliye Eldoret kumuuliza kama anakumbuka. Akacheka. "Tulicheka sana pale kwa kinyozi," akasema. "Ati Mkalenjin kwa barafu! Halafu tuliposikia yule bingwa amemngoja, kinyozi akazima mashine. Hakuna aliyecheka tena." Akanyamaza kidogo. "Sasa wewe ndio umerudia."

Najua mtajibu nini. Mtasema ile ya Boit ilikuwa tangazo la biashara. Watu walisema hivyo hata wakati ule, na pesa ya kampuni ilikuwepo kweli. Lakini kampuni haikupanda vilima kwa niaba yake. Ukipewa skii na tiketi ya ndege bado miguu ni yako na mapafu ni yako.

Mtasema pia: wa 92, faida iko wapi? Wakimbiaji wetu wa riadha wenyewe wengine hawana hata viatu vizuri. Hii hoja naiheshimu. Ndio maana sisemi serikali inunulie mtu skii. Yule kijana hajaomba hata shilingi. Ameomba tu apite bila kugongwa.

Na ukitaka kujua kama njia hii inafika mahali, muulize Pita Taufatofua wa Tonga. Ndiyo, yule wa kifua kilichopakwa mafuta. Alicheza taekwondo Rio 2016, halafu akaamua kuingia skii za masafa. Tonga ni visiwa vya joto katikati ya Pasifiki. Alifanya mazoezi kwa magurudumu, na sehemu ya alama za kufuzu alizipata kwenye mbio za magurudumu. Mwaka wa 2018 alikuwa Pyeongchang, akamaliza wa 114. Alimaliza.

Sasa kuna kipande kimoja ambacho kilininyima usingizi. Dæhlie, yule aliyemngoja Boit, ana dhahabu nane za Olimpiki. Unajua nini kilimaliza kazi yake? Agosti 1999 alianguka akifanya mazoezi kwa skii za magurudumu, akaumia mgongo. Hakupona vya kutosha, na 2001 akatangaza amestaafu. Huyo ni mtu aliyekulia kwenye hii mchezo, na kwao watu wamezizoea hizi skii barabarani. Lami ilimmaliza.

Halafu mimi nikachukua kijana asiye na breki, kwa barabara yenye mashimo, matatu na bodaboda, nikawafundisha madereva kwamba yeye ni kichekesho.

Sisemi tusicheke. Mimi kazi yangu ni kuchekesha na nitaendelea. Cheka nguo, cheka wanasiasa, nicheke mimi. Lakini kuna mzaha unaobaki kwa simu na kuna mzaha unaotoka kwa simu ukashika usukani. Ule wangu ulitoka. Na sio yeye tu. Ni wale wasee wa sketi tunaofukuza kila mahali, ni mabinti wanaokimbia asubuhi wakipigiwa honi, ni waendesha baiskeli. Mji huu una barabara kwa kila kitu isipokuwa mwili wa binadamu ukifanya kazi. Barabara moja kila mtaa ikifungiwa magari Jumapili, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, hiyo sio pesa nyingi. Ni vizuizi viwili na mtu wa kuvisimamia. Mwambieni MCA wenu. Mimi wangu nimeshamwandikia.

Klipu nimeitoa. Najua iko kwa simu zenu na kwa magrupu, hiyo siwezi kurudisha. Nikiwaomba kitu, ni kwamba ukiiona imetumwa tena, weka hii posti chini yake.

Nilimuuliza kama anaweza kurudi kwa ile barabara. Akasema labda, akipata mtu wa kumlinda nyuma. Kwa hivyo Jumapili hii saa kumi na mbili nitakuwa nyuma yake na baiskeli ya jirani, taa nyekundu ikiwaka. Mwenye baiskeli anakaribishwa, mwenye firimbi pia.

Kamera nitaiacha nyumbani.