Kitambi Hakiyeyuki kwa Chai Peke Yake

Jioni moja jirani yangu, mama wa watoto watatu ambaye ni karani katika ofisi moja mjini, alibisha hodi akiwa ameshika pakiti ya majani ya chai. Juu ya pakiti hiyo palichorwa mwanamke mwembamba, na chini yake yaliandikwa maneno ya kusifu chai ya kijani kuwa huyeyusha mafuta ya mwilini.

"Jirani," aliniambia, "wewe ambaye kazi yako ni kusoma na kuandika, hebu nisomee haya maandishi madogo. Nimekunywa chai hii wiki tatu. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo mbili. Sasa zimerudi zote, na mimi leo nusura nianguke kazini."

Swali la jirani yangu si lake peke yake. Akina mama wengi, na akina baba pia ingawa wao hawapendi kukiri, hununua pakiti kama hiyo kwa fedha ambayo ingetosha kununua maharage na mboga za jamaa nzima kwa siku kadhaa. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema, na mtu mnene aliitwa mtu mwenye afya. Leo twajua kwamba unene uliozidi huukaribisha ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa hiyo wanaotaka kupunguza uzito hawana kosa hata kidogo. Kosa ni la yule anayewauzia tumaini kwa bei ya dawa.

Yafaa kwanza tujue chai ya kijani ni kitu gani. Wengi hudhani kwamba ni mmea mwingine wa kigeni. La hasha! Chai ya kijani na chai ya rangi tuliyoizoea hutokana na mti ule ule, kama ile inayolimwa Mufindi, Rungwe na milima ya Usambara. Tofauti yake iko kiwandani. Ili kupata chai nyeusi, majani mabichi hunyaushwa, husokotwa au hukatwakatwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka yabadilike rangi, ndipo hukaushwa kwa moto. Majani ya chai ya kijani hayangojwi hivyo. Mara baada ya kuchumwa hupashwa moto, kwa mvuke kama wafanyavyo Wajapani au katika karai kama wafanyavyo Wachina wengi, ili yabaki na rangi yake.

Kwa sababu hiyo chai ya kijani hubakiwa na kiasi kikubwa zaidi cha vitu viitwavyo katekini. Aidha, inayo kafeini, ile ile inayotuchangamsha tunywapo chai ya rangi au kahawa. Vitu hivi viwili ndivyo vilivyowafanya wataalamu waulize kama chai hii yaweza kuufanya mwili utumie nguvu nyingi zaidi.

Mwaka 1999 wataalamu wa Geneva, nchini Uswisi, walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume 10 wenye afya. Wanaume hao walikaa ndani ya chumba maalumu cha kupimia matumizi ya nguvu mwilini, huku wakipewa vidonge vyenye dondoo ya chai ya kijani. Ilionekana kwamba kwa muda wa saa 24 miili yao ilitumia nguvu zaidi kwa asilimia 4, yaani kalori zipatazo 80. Habari hiyo ilienea upesi, na wafanyabiashara hawakukawia kuipamba.

Lakini jaribio la siku moja kwa watu 10 si ushahidi wa kutosha kwa mtu anayetaka kupungua kwa miezi. Mwaka 2012 wataalamu wa shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, walizichambua tafiti 18 za chai ya kijani zilizohusu watu wazima wanene. Katika tafiti zilizofanywa nje ya Japani, watu waliotumia chai ya kijani kwa wiki 12 au 13 walipungua zaidi ya wenzao kwa wastani wa kilo 0.04. Hizo ni gramu 40, karibu sawa na yai moja dogo la kuku wa kienyeji! Tafiti za Japani zilitofautiana mno, kuanzia kilo 0.2 hadi 3.5, hata wachambuzi wakashindwa kuzijumlisha pamoja. Hitimisho lao lilikuwa kwamba upungufu unaoletwa na chai ya kijani ni mdogo, na haielekei kuwa una maana kwa afya ya mtu.

Sasa na turudi kwenye ile kalori 80 ya Geneva, tuichukulie kuwa ni kweli tupu kila siku. Kijiko kidogo cha sukari, kisichojazwa kilima, kina gramu 4 hivi, nazo huleta kalori 16. Maana yake ni kwamba vijiko vitano vya sukari hufuta faida yote. Nilimwuliza jirani yangu anatia sukari kiasi gani. Alisema vijiko vitatu asubuhi, vitatu saa nne kazini na vitatu jioni. Hata ile chai ya kupunguza mwili aliitia sukari, kwa kuwa ilikuwa chungu. Vijiko tisa! Alikuwa akibomoa kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ingefaa zaidi ishuke hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa siku, au vijiko vidogo sita. Jirani yangu akipunguza kutoka vijiko tisa hadi vitatu, ataokoa kalori 96 kwa siku. Hizo ni nyingi kuliko zile za Geneva, wala hatalipa hata senti. Kinyume chake, kilo ya sukari itakaa nyumbani siku nyingi zaidi.

Yako maneno mengine yaliyoandikwa kwa herufi ndogo katika pakiti ile, na hayo ndiyo yaliyonishtua. Ndani yake hamkuwa na chai ya kijani peke yake. Mlikuwa na sanamaki pia. Wazee wetu waijua sanamaki. Ni dawa ya kuharisha, itumiwayo kwa siku chache na mtu aliyefunga choo. Baadhi ya chai zinazouzwa kwa jina la kupunguza mwili huwa nayo. Anayeinywa huenda msalani mara kwa mara, hupoteza maji na chumvi za mwili, na mizani hushuka. Hayo si mafuta yaliyoyeyuka. Akinywa maji tu uzito hurudi, naye hubaki na kizunguzungu na udhaifu. Ndivyo ilivyompata jirani yangu, ambaye zaidi ya hayo alikuwa ameacha kula asubuhi.

Vidonge vya dondoo ya chai ya kijani navyo vyahitaji hadhari. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba kutumia miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iitwayo EGCG kwa njia ya vidonge vya nyongeza kumehusishwa na dalili za kuumizwa kwa ini. Chai yenyewe ya kupika kikombeni kwa jumla ilionekana kuwa salama. Hata hivyo, mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wasinywe chai, ya kijani au ya rangi, pamoja na chakula, kwani huuzuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Yafaa wangoje saa moja hivi baada ya kula. Na anayetumia dawa za kila siku amwulize daktari kwanza.

Je, tuitupe chai ya kijani? Hapana. Kikombe chake kisicho na sukari kina kalori mbili au tatu tu. Mfanyakazi aliyezoea kunywa soda adhuhuri, ambayo chupa yake ya mililita 300 kwa kawaida huwa na sukari gramu 30 hivi, akiiacha na kunywa chai ya kijani isiyo na sukari, atafaidika sana. Lakini atafaidika vile vile kwa chai ya rangi isiyo na sukari, na kwa maji safi pia. Faida imo katika kile alichokiacha kuliko katika kile alichokishika.

Yanayobaki ni yale tuyajuayo. Tupunguze mafuta ya kukaangia na chapati za kila asubuhi. Mboga za majani na maharage vichukue nafasi kubwa zaidi sahanini, na ugali au wali upungue. Tutembee: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kushuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani na kwenda kwa miguu upesi nusu saa, siku tano kwa wiki, kwatosha kuufikia mwanzo wa kiwango hicho. Akina baba nao wasiwaachie wake zao vita hivi peke yao, maana chungu ni kimoja, na wapikaji hupika wanachodaiwa mezani.

Jirani yangu aliitupa pakiti ile. Kesho yake kabla ya kwenda kazini alikula uji na yai, akanywa chai ya rangi yenye kijiko kimoja. Alilalamika kwamba haina ladha. Nilimjibu kwamba unene wake haukuja kwa siku moja. Ulikuja kijiko kwa kijiko, haba na haba mpaka kibaba kikajaa. Nao utaondoka vivyo hivyo, kwani bandu bandu huisha gogo.