Fundi mwanamke asijipunje
Pawatila ikizima shambani mvua zimeanza, mkulima anachotaka ni mashine iwake. Hata hivyo, wapo mafundi wanawake wenye ujuzi kamili ambao bado hujiona kama wamebahatisha. Kazi ikifanikiwa husema ni bahati. Ikikwama kidogo hujilaumu kuwa hawajui. Wengine hutoza nusu ya bei, au kazi kubwa huwaachia wanaume.

Huo si unyenyekevu, ni hasara. Fundi anayejipunja hawezi kununua spana nzuri wala kuweka vipuri vya akiba, na mkulima naye hukosa fundi wa karibu huku mvua zikipita.

Dawa ni kumbukumbu. Daftari lenye tarehe, hitilafu iliyotengenezwa na malipo litamwonyesha uwezo wake kuliko maneno ya kijiweni. Aliyejifunzia gereji bila cheti anaweza kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wake na VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Wateja nao waache kuuliza "fundi yuko wapi?" ilhali amesimama mbele yao, spana mkononi.