DOLA TAJIRI NA MAKABURI YA VICHANGA



Wako watu ambao kila ikizungumzwa siha ya raia hutuonyesha majengo: hospitali ya ghorofa, mitambo inayong'ara, na mkubwa mmoja amesimama mlangoni na mkasi mkononi. Jee, hiyo ndiyo siha ya umma? La, hasha! Ulizeni vichanga wangapi wamezikwa, wa akina nani, na nani aliyewahesabu.

Natuitazame Marekani, nchi inayotumia katika matibabu fedha nyingi kwa kila raia kuliko nchi yoyote duniani. Ndani ya dola hiyo limo jimbo la Mississippi. Mwezi wa Agosti 2025 wakuu wa afya wa huko walitangaza hali ya hatari, si kwa vita wala kwa tufani, bali kwa sababu mwaka 2024, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, karibu 10 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Na hesabu hiyo nayo ina pazia lake. Watoto wa watu weusi walikufa kwa kiasi cha zaidi ya mara mbili ya watoto wa wazungu. Wastani huwachanganya wote, akatulia mwenye kutaka kutulia.

Watasema ni majaaliwa. Wasimsingizie Mungu! Sheria ya mwaka 2010 ilitaka kila jimbo lipanue mpango wa Medicaid, unaowalipia mafukara matibabu. Mwaka 2012 Mahkama Kuu ikayapa majimbo hiari. Mississippi ikakataa, na hata mwaka 2025 ilikuwa bado inakataa, ijapokuwa serikali ya Washington ilikuwa tayari kubeba sehemu 90 katika kila 100 za gharama. Mwanamke fukara huingia katika mimba na maradhi yasiyotibiwa, akajifungua kabla ya wakati; kisha aulizwe yeye amekosea wapi!

Lililotukera zaidi ni jengine. Tangu mwaka 1987 ilikuwapo kazi ya serikali ya kuwauliza akina mama waliojifungua: walimwona daktari lini, walipata dhiki gani. Mwezi wa Aprili 2025 Washington iliwaondoa kazini watumishi walioisimamia. Nyumba inaungua, na mwenye nyumba anamfukuza apigaye yowe. Tangazo la Mississippi lilitoka miezi minne baadaye.