Kabla ya Kushika Spana

Miongoni mwa maarifa yanayodharauliwa katika shule zetu ni yale ya kutafuta chanzo cha kasoro. Mwanafunzi hupewa jibu, akalikariri, akaulizwa jibu lilelile katika mtihani. Na siku anapokabiliwa na kitu kilichoharibika, pasipo karatasi ya majibu, hupigwa na bumbuazi. Ili kueleza ninachokusudia sitachukua mfano wa maabara, wala wa sarufi ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nitachukua mfano wa magari, hususan yale ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, yenye injini kubwa ndani ya bodi ya wastani, ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli.

Historia yake haihitaji maneno mengi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac, John DeLorean akiwa mhandisi wake mkuu, ilichukua injini ya V8 ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4, iliyokusudiwa magari makubwa, ikaitia katika Tempest ya ukubwa wa kati. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni iliyokataza injini inayozidi inchi za ujazo 330 katika magari ya ukubwa huo. Pontiac haikuivunja kanuni hiyo waziwazi, iliizunguka. Injini haikutangazwa kuwa gari jipya, bali nyongeza ambayo mnunuzi angeweza kuiagiza akipenda, na nyongeza hiyo ikaitwa GTO. Wakubwa waliafiki yauzwe magari 5,000. Katika mwaka huo wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 32,000. Nasi tunaoishi kwa kuchambua maneno hatuna budi kutabasamu tukiona faida iliyopatikana kwa kupambanua tu baina ya “gari” na “nyongeza”.

Afrika Mashariki nayo iliyaona magari ya ukoo huu mwaka huohuo. Kampuni ya Ford ilileta kundi la Mercury Comet zenye injini za V8 kushiriki mashindano ya Safari ya 1964. Barabara zetu hazikustahi nguvu za farasi. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, na ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes akiendesha Ford Cortina, gari dogo kwa kulinganisha.

Enzi hiyo haikudumu. Bima za vijana wenye magari hayo zilipanda, Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ikabana moshi wake, na mwaka 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli isiyo na risasi nyingi. Waarabu walipoizuilia Marekani mafuta mnamo Oktoba 1973, mambo yakawa yamekwisha. Mengi yaliachwa yaoze mabandani na nyuma ya nyumba. Hayo ndiyo yanayotafutwa leo kwa udi na uvumba na watu walio tayari kutumia miaka kadhaa na fedha zisizo kidogo kuyarejesha katika hali yake ya awali.

Sasa tulitazame tatizo moja. Gari limerejeshwa, linang'aa, na likisimama linanguruma sawasawa. Likitoka barabarani na kukanyagwa mafuta kwa muda, hasa mlimani, linakohoa, linapoteza nguvu na kutaka kuzima. Dereva akiondoa mguu, baada ya kitambo kidogo linapata nafuu. Mtu asiyejua kufikiri atakimbilia dukani. Atanunua kabureta mpya. Gari litaendelea kukohoa. Atanunua koili, plagi, distributa nzima. Huenda kasoro ikaondoka kwa bahati, lakini mwenyewe hatajua ni kitu gani kati ya vyote hivyo kilichoiondoa. Amelipa gharama ya jibu bila kulipata.

Makanika mwenye akili huanza kwa kukaa kitako na kujikumbusha kwamba injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kadiri ifaayo, mgandamizo, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Kisha huyahoji anayoyaona. Kama mgandamizo ungekuwa mbovu katika silinda fulani, injini ingetetemeka hata ikiwa imesimama; nayo haitetemeki. Basi jambo hilo linawekwa kando kwa sasa. Zimebaki petroli na cheche. Koili inayochoka kwa joto huharibikiwa gari likishapata moto, na aghalabu haipati nafuu mpaka ipoe. Gari letu linapata nafuu mara tu baada ya kuondoa mguu, ilhali injini ingali moto vilevile. Kwa hiyo shaka inaielekea petroli, ingawa haijathibitika.

Kwa nini basi likisimama halina neno? Ndani ya kabureta mna bakuli dogo lenye boya, ambalo huwekwa akiba ya petroli. Gari likisimama, matumizi ni madogo na hata mkondo hafifu hutosha kulijaza bakuli. Likikimbia, injini ya lita 6 hunywa kwa pupa; bakuli huisha kabla ya kujazwa, na kikohozi huanza. Dereva akilegeza mguu, bakuli hujaa tena. Maelezo haya yanaafikiana na kila dalili, na ndiyo sababu yanastahili kujaribiwa kabla ya mengine.

Jaribio la kwanza halina gharama hata senti moja. Gari linapoanza kukohoa, lisimamishwe na kifuniko cha tangi kifunguliwe. Hewa ikisikika ikiingia kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba: tangi lilikuwa likifyonzwa bila kuingiza hewa, na pampu ikashindwa kuvuta. Kama hapana sauti, hufuatwa njia ya petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta: chujio la ndani ya tangi, ambalo katika gari lililolala miaka 30 huwa limejaa kutu, mipira ya kupitishia petroli, ambayo ile ya zamani hudhoofishwa na ethanoli iliyochanganywa katika petroli ya siku hizi, kisha pampu, ambayo msukumo wake hupimwa kwa geji. Kila hatua huondoa shaka moja, na hakuna kinachonunuliwa kabla ya kipimo kusema.

Upo mfano mwingine ambao hunifurahisha kwa sababu ya kazi yangu. Injini za V8 za Chevrolet na za Pontiac za miaka hiyo huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zimepakana upande mmoja, na tena huwashwa zikifuatana. Waya zake za plagi zikilazwa sambamba na kukaribiana mno, umeme wa waya moja huweza kuamsha cheche katika ya pili kabla ya wakati wake, na injini ikagonga au kurukaruka ingawa kila kipuri ni kipya na kizima. Dawa ni kuzitenga waya hizo au kuzipishanisha. Mwalimu wa lugha hatakosa kukumbuka usilimisho wa sauti: kila sauti ina hali yake ikiwa peke yake, lakini zikipakana moja huiambukiza nyingine. Anayechunguza kipande kimojamoja hataiona kasoro ya aina hii, kwa kuwa imo katika ujirani wa vipande.

Urejeshaji wenyewe unafanana sana na kazi ya wahariri wa miswada ya kale. Mhariri mwaminifu hutafuta alichoandika mtunzi, hafuati anachodhani kingependeza. Vivyo hivyo kwa gari. GTO za 1964 na 1965, kwa kuwa zilikuwa nyongeza tu, nambari ya gari haitoshi kuzipambanua na LeMans ya kawaida. Kwa hiyo wapo walaghai wanaozivika LeMans alama za GTO na kuziuza ghali. Mnunuzi mwangalifu hudai hati za kiwandani, na hulinganisha nambari zilizopigwa kwenye injini na tarehe ya gari kuundwa. Hubeba na sumaku pia. Magari ya majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huoza sakafu na pembe za nyuma, na fundi mdanganyifu huziba matundu kwa puti, akapaka rangi juu yake. Sumaku haishiki puti. Kwa rai yangu, rangi mpya juu ya kutu ni uongo sawasawa na ule wa mhariri anayejaza beti zilizopotea kwa maneno yake mwenyewe pasipo kuwajulisha wasomaji.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kila skrubu ibaki ilivyokuwa. Risasi iliyotiwa katika petroli ya zamani ilikinga vikalio vya vali visilike. Marekani ilipiga marufuku petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Kenya iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na hapana mzazi mwenye akili atakayeililia. Anayeifumua injini ya kale leo huweka vikalio vya chuma kigumu, nami sioni ukiukaji wowote katika hilo, maadamu ameandika alichobadilisha.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba mpaka hapa sijahitaji kukimbilia Kiingereza. Kabureta, koili, boya, puti na kikalio cha vali ni maneno ambayo mafundi wa jua kali wameyatumia kwa miaka mingi bila kungoja kamati yoyote. Wapo wasomi wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Waende gereji wasikilize hoja zinavyojengwa: “kama ingekuwa pampu, isingewaka asubuhi.” Hiyo ni sentensi ya masharti iliyokamilika kisarufi na kimantiki, tena imetamkwa na mtu ambaye huenda tulimwondoa darasani kwa kushindwa mtihani wa insha.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mlango unafungwa. Tangu 1996 magari mapya ya abiria yanayouzwa Marekani hulazimika kuwa na mfumo wa kompyuta unaotoa nambari ya kasoro, na palizuka mvutano mkubwa juu ya nani awe na haki ya kuzisoma taarifa hizo. Wapiga kura wa Massachusetts waliamua mwaka 2012, na tena 2020, kwamba mafundi wa nje ya kampuni wasinyimwe. Huko Kansas, chuo cha McPherson hutoa shahada ya miaka minne ya urejeshaji wa magari, na hapana anayeiona kuwa shahada ya walioshindwa.

Kwetu, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 wazazi walihimizwa kujenga karakana shuleni, na baadaye nyingi ziligeuzwa stoo za madawati yaliyovunjika. Mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 umetoa ahadi zinazofanana na zile. Ombi langu kwa walimu wenzangu halihitaji fedha za wizara. Injini moja ya pikipiki au ya kusagia nafaka, hata iliyotupwa, yatosha. Mwalimu na ailegeze waya mmoja au azibe mfereji mmoja, kisha awaachie wanafunzi na kuwataka waandike, kwa Kiswahili sanifu, kila walichokishuku, walichokipima, na sababu ya kukiondoa katika orodha, kabla ya yeyote kushika spana. Alama zitolewe kwa maandishi hayo, hata kwa kundi ambalo injini yake haikuwaka.