"Mbona Hatujafa?" Si Ushahidi

Sisi tunaofanya kazi ya kudhibiti kemikali tunalijua swali hili kabla halijamtoka mtu mdomoni. Unamweleza msagishaji kwamba mahindi yake yamevuka kiwango cha sumukuvu. Unamweleza mama mwenye duka la vipodozi kwamba krimu anayoiuza ina zebaki. Unamweleza mwenye kiwanda cha rangi kwamba madini ya risasi yamezidi. Wote watatu watakujibu sawasawa: "Tumetumia miaka yote, mbona hatujafa?" Waliosimama karibu hutikisa vichwa kukubali, na mazungumzo huishia hapo. Mimi ni mtaalamu wa sumu, na sijaona ngao inayoilinda sumu vizuri kuliko maneno hayo.

Kosa lake la kwanza ni kukifanya kifo kuwa kipimo. Sehemu kubwa ya vitu tunavyovidhibiti haimwangushi mtu mbele ya macho yako. Hufanya kazi yake taratibu kwenye ini, kwenye figo, kwenye ubongo wa mtoto ambaye bado yumo tumboni. Kosa la pili ni kwamba anayeuliza ni mzima. Waliodhurika zaidi hawapo barazani kutoa hoja yao.

Wala tusidhani hii ni hoja ya watu wasiosoma. Tarehe 30 Oktoba 1924, mkemia wa Marekani Thomas Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari, akajimiminia mikononi kemikali ya risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli, kisha akauvuta mvuke wake puani kwa takriban dakika moja. Siku chache kabla, wafanyakazi wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikuwa wamerukwa na akili na kufa kwa kemikali hiyo hiyo. Midgley mwenyewe alikuwa ameugua kwa sumu ya risasi mwaka uliotangulia. Lakini siku ile hakufa, na petroli ile ikasambaa duniani kote. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, ilifanya hivyo mwaka 2021. Karibu miaka mia nzima watoto wa mijini waliivuta. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa na kuipitisha hadi kwenye ubongo unaokua. Mtoto aliyepoteza sehemu ya uwezo wake wa kujifunza hakuandikiwa cheti cha kifo. Aliitwa mzito wa kuelewa, akachapwa shuleni.

Sasa tuje kwenye ugali, maana hapo ndipo swali hili linapotuumiza zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Wengi waliona ni vita vya biashara, na sitawalaumu kwa kushuku, kwa kuwa Kenya yenyewe ilikuwa imezuia aina tano za unga uliosagwa nchini mwake Novemba 2019. Kinachonisikitisha ni kwamba katika kelele zote zile, kutoka vijiweni hadi kwa waheshimiwa, hoja iliyopigiwa makofi ilikuwa ile ile: tunayala kila siku, mbona hatujafa?

Tumekufa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na wakafa 20. Hao ni waliofika hospitali wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji, wakahesabiwa.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Uchunguzi wa masoko wakati wa maafa ya 2004 ulikuta kwamba asilimia 7 ya sampuli zilikuwa na zaidi ya maikrogramu 1,000 kwa kilo, yaani mara mia moja ya kiwango. Kati ya 10 na 1,000 kuna nafasi pana, na wengi wa wanaosema hawajafa wanaishi ndani ya nafasi hiyo. Sumukuvu haionekani wala haina ladha, na kuchemsha au kusonga hakuiondoi. Ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa kitu kinachojibandika kwenye vinasaba na kuviharibu, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, ambao kwetu ni wengi, nguvu yake ya kuleta saratani huongezeka kwa takriban mara 30. Mtu huyo akiugua ini akiwa na miaka 45, nani atakumbuka ugali aliokula akiwa na miaka 20? Kwenye msiba watasema amerogwa, au watasema ni mapenzi ya Mungu, na kesho yake mahindi yale yale yatapikwa kulisha waombolezaji.

Mkorogo una historia hiyo hiyo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi, zilizokuwa na zebaki. Hadi siku walipolazwa, kila mmoja wao angeweza kukuambia kwamba amejipaka kwa muda mrefu na hajafa.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii ni Frances Kelsey. Septemba 1960, akiwa mgeni kabisa katika mamlaka ya dawa ya Marekani, alikabidhiwa ombi la kusajili dawa ya usingizi iitwayo thalidomide. Huko Ujerumani Magharibi dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa tangu 1957, na ilisifiwa kuwa salama kwa sababu hata panya waliopewa dozi kubwa mno hawakufa. Ni "mbona hatujafa" iliyovaa koti la maabara. Kelsey alikataa kuidhinisha. Aliona taarifa kwamba baadhi ya watumiaji walikuwa wakipata ganzi mikononi na miguuni, akauliza: kama inagusa mishipa ya fahamu ya mtu mzima, inamfanya nini mtoto aliye tumboni? Kampuni ilimsumbua mara kwa mara, naye akashikilia kutaka ushahidi hadi mwishoni mwa 1961, dawa ilipoondolewa sokoni Ujerumani. Duniani kote zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na ulemavu, wengi wao wakiwa na mikono na miguu iliyokatika njiani ikikua. Mama zao hawakufa. Walimeza vidonge, wakalala vizuri, wakaamka wazima.

Ndiyo maana hatusubiri maiti. Kwa kemikali nyingi tunatafuta dozi ambayo mnyama wa maabara hakuonyesha madhara yoyote, tunaigawa kwa kumi kwa kuwa binadamu si panya, tunaigawa tena kwa kumi kwa kuwa mtoto mchanga, mjamzito na mzee mgonjwa si sawa na kijana mwenye nguvu. Kwa sumu kama risasi, ambayo haina kiwango kinachojulikana kuwa salama, tunabana kadiri inavyowezekana. Anayesema kiwango kimewekwa na watu wa ofisini wasiojua maisha hajui kwamba kimewekwa kwa ajili ya yule asiyeweza kujisemea.

Kuna swali moja tu ninaloliheshimu, na ni la bibi mkulima: "Mwanangu, haya ndiyo mahindi niliyo nayo. Nikiyamwaga, wajukuu watakula nini?" Mdhibiti asiye na jibu la hilo hana haki ya kumsuta mtu. Mwaka 2004 familia nyingi ziliingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa kuogopa njaa na wezi, yakaota kuvu humo humo, na serikali ya Kenya ikalazimika kugawa mahindi mengine badala ya yale mabovu. Badala ya kungoja maafa, hilo liwe sheria: kila ghala la kijiji liwe na kipima unyevu, na mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 yasifungwe kwenye gunia. Turubai za kuanikia zifike kabla ya mavuno. Na mkulima ambaye gunia lake limekataliwa alipwe, au apewe jingine, siku hiyo hiyo.