Akizaa mabinti watupu, usimlaumu mkeo



Ndugu msomaji, leo tuzungumzie jambo linalovunja ndoa kimyakimya. Mama amejifungua binti wa nne. Majirani wanakuja kumpongeza, lakini baba mtoto amenuna, na mawifi wameanza kunong'ona kwamba kaka yao atafutiwe mke atakayemzalia wa kiume. Maneno haya yanasikika Kitaji na Nyasho hapa Musoma, yanasikika Bunda na Butiama, na wengine wanaoyasema ni watu wa swala tano. Kwa maoni yangu hii ni dhulma, na chanzo chake ni kutojua.

Tuanze na elimu. Kwa kawaida mwanamke hutoa yai moja kila mwezi, nalo huishi kiasi cha siku moja tu. Mwanamume hutoa mbegu kwa mamilioni, lakini zinazofika kwenye mrija wa uzazi lilipo yai ni chache mno, na inayoingia ndani yake ni moja. Yai huja na kromosomu 23, mbegu nayo 23, jumla 46. Hapa ndipo pa kuzingatia. Kromosomu ya jinsia itokayo kwa mama ni X siku zote. Ya baba huwa X au Y. Ikiingia mbegu yenye X, mtoto ni binti. Ikiingia yenye Y, ni mvulana. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1905 na Bibi Nettie Stevens wa Marekani, alipochunguza mbegu za wadudu.

Kwa hiyo, ewe mume, mkeo hana Y ya kukupa. Na wewe pia usijilaumu, maana hakuna anayechagua mbegu ipi itangulie. Suratush Shuura, aya ya 49 na 50, inatufundisha kuwa mwenye kugawa mabinti na wavulana ni Allah peke yake. Dini imeruhusu kuoa mke wa pili kwa uadilifu, lakini ukioa kwa kutafuta wa kiume, ujue mbegu utakazokwenda nazo ni zile zile.

Kuna hatari nyingine. Wapo kina mama wanaokunywa mizizi ili "kugeuza" mimba iwe ya kiume. Dada yangu, jinsia imeshaamuliwa saa ile ile mbegu ilipoingia kwenye yai. Baada ya hapo yai hujigawa, likawa seli mbili, nne, nane, likisafiri kuelekea mji wa mimba, na baada ya kama wiki moja hujishikiza ukutani. Kufikia siku ya 22 hivi moyo huanza kupiga. Kufikia siku ya 28 mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umefunga. Mama wengi wakati huo ndiyo kwanza wanashangaa hedhi imechelewa! Dawa usiyoijua, ikinywewa katika wiki hizo, haigeuzi jinsia, bali yaweza kumdhuru mtoto wakati viungo vyake vinaumbwa.

Badala ya mizizi, anayetarajia kushika mimba aanze mapema vidonge vya foliki asidi, vinavyosaidia mfereji huo ufunge vizuri, na akikosa hedhi awahi kliniki, asingoje tumbo lionekane. Wala asizae mfululizo kwa kumsaka mvulana. Shirika la Afya Duniani linashauri kupita angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine.

Mwisho, tumkumbuke Mtume wetu (s.a.w.). Wanawe wa kiume, Qasim, Abdullah na Ibrahim, walifariki wangali wadogo. Kizazi chake kimeendelea kupitia kwa binti yake, Bibi Fatma. Nani kati yetu atathubutu kusema nyumba ile ilikosa mrithi?

Baba, leo ukirudi nyumbani, mpakate binti yako, na umwombe radhi mama yake.

Wabillahi tawfiiq.