Fumbo, Wimbo na Kufuli

Msomaji, yako mambo mawili ambayo wazee wengi huyatazama kwa uso uliokunjwa. La kwanza ni udukuzi. La pili ni katuni. Kijana akionekana ameinama mbele ya kompyuta akifumbua mafumbo ya kufungua kufuli za tarakimu, husemwa kuwa anajifunza wizi. Akisikiwa anaimba wimbo wa kufungulia katuni, husemwa kuwa anapoteza wakati. Mimi nasimama upande wa kijana. Nasema kuwa hukumu zote mbili si za haki, na kuwa mji uzifuatao utajikuta siku moja una milango mingi na hauna bawabu hata mmoja.

Kwanza tukijue kitu tunachokishutumu. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilianzisha mwaka 2013 mashindano yaitwayo picoCTF kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Mwenye mashindano huficha neno ndani ya faili, ndani ya picha, au ndani ya sauti. Mshindani hulitafuta, na alipatapo husemwa kuwa amekamata bendera. Nyumba ivunjwayo hapo ilijengwa ili ivunjwe, na mwenyewe amesimama mlangoni akisema karibu. Wizi uko wapi? Mtu aliyeombwa na mwenye boma aupime ukuta wake kama una ufa hawezi kuitwa mnyang'anyi.

Chukua mfano mdogo. Neno la Kiswahili limefichwa hivi: XKXUX. Kila herufi imesogezwa mbele kwa hatua zilizo sawa, nawe hujui ni hatua ngapi. Usikate tamaa. Maneno yetu huishia kwa irabu. Basi X ni irabu. Ukiijaribu a utapata ANAXA, neno lisilo maana. Ukiijaribu e utapata EREBE. Zijaribu i na o, nazo zitakunyima. Ijaribu u, na mlango utafunguka: UHURU. Hatua zilikuwa tatu, kama zile alizozitumia Julius Caesar katika barua zake zamani za Warumi. Mwarabu al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika jinsi ya kuvunja siri za namna hii kwa kuhesabu herufi zitokeazo mara nyingi. Mwanafunzi aliyefumbua fumbo hili hakuiba kitu cha mtu. Amejifunza kuwa ujinga hushindwa kwa subira, na kuwa siri dhaifu haifai kuaminiwa.

Wako wasemao kuwa mchezo huu ni wa kigeni na haukuwafaa babu zetu. Hao hawawajui babu zao. Katika nchi ya Wagikuyu ulikuwako mchezo wa gicandi. Gicandi ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochorwa alama kwa nje, na kila alama ni ukumbusho wa beti. Wachezaji wawili hushindana hadharani. Mmoja hutikisa kibuyu na kuimba fumbo; wa pili hana budi kulifumbua kwa wimbo na kutega lake. Ashindwaye hupokonywa kibuyu. Padri Vittorio Merlo Pick wa Shirika la Consolata alikusanya mafumbo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973, na Ngugi wa Thiong'o alimfanya mchezaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980, Caitaani Mutharaba-ini. Basi tazama, msomaji: alama zenye siri, mashindano, bendera ya kukamatwa, na muziki juu ya yote. Mukurweini haikuanza kujifunza mafumbo kwa kompyuta. Kompyuta imeyakuta mafumbo nyumbani.

Wimbo nao si kitu chepesi. Kabla na wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu wa Mau Mau waliimba nyimbo za siasa kwa sauti za nyimbo za kanisani. Mzungu aliyepita njiani alisikia sauti aliyoizoea akadhani watu wanasali. Leakey, aliyekijua Kigikuyu, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1954, naye alilieleza kama adui aliyetishwa nalo. Sauti ilikuwa kufuli na maneno yalikuwa hazina. Nani basi atasema kuwa kuuchunguza wimbo ni upuuzi?

Wimbo wa kufungulia katuni una kazi yake pia. Katika muda mfupi hauna budi kumwita mtoto kutoka jikoni, kumtajia jina la hadithi, na kumwonjesha tabia ya watu na wanyama atakaowakuta. Tinga Tinga Tales, katuni za hadithi za Kiafrika zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilitiwa muziki na Eric Wainaina wa Kenya. Ubongo Kids, iliyoanza Tanzania mwaka 2014, hufundisha hesabu kwa Kiswahili, na nyimbo ndizo zibebazo somo. Mtoto aliyeusahau ubao wa mwalimu huukumbuka wimbo. Kijana aulizaye kwa nini wimbo huo haumtoki kichwani, ngoma yake inaingia wapi, na sauti ipi inarudiwa mara ngapi, anafanya kazi ile ile ya mfumbuzi: anatafuta utaratibu uliofichwa. Hata katika mashindano ya kompyuta liko fumbo la sauti ambayo masikio hayaambulii neno ndani yake, mpaka igeuzwe picha, ndipo herufi zionekane zimechorwa ndani yake.

Nalijua jibu la wapinzani. Watasema kuwa ajuaye kufungua mlango atafungua na wa jirani. Hoja hii ina uzito, nami siikwepi. Walakini tazama mahali tulipo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha zetu zimehamia katika simu. Mkulima wa Mukurweini auzaye kahawa na maziwa anaweza kutumia miezi katika jasho na kuibiwa kwa dakika. Mwezi Julai 2023 huduma za serikali za eCitizen zilivurugwa na washambulizi wa mtandaoni, na wananchi wakakwama. Wezi hawakungoja ruhusa ya wazazi wetu ili wajifunze. Tukiwakataza watoto wema, tumeugawa ujuzi wote kwa wabaya.

Dawa ya hatari hii ni mpaka ulio wazi, na mpaka huo uko. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa aingiaye katika kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Neno kubwa hapo ni ruhusa. Mchezaji wa gicandi alikipata kibuyu cha mpinzani kwa kushinda mbele ya watu. Aliyekichukua usiku mwenyewe amelala alikuwa mwizi, hata kama alijua mafumbo yote.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Walimu wenye chumba cha kompyuta watoe saa moja kwa juma, wanafunzi wafumbue mafumbo ya wanagenzi mbele yao, na sheria isomwe siku ya kwanza kabla ya fumbo la kwanza. Na wewe, msomaji, uliyeifungua XKXUX, usiguse kufuli ambayo mwenyewe hakukukaribisha, ijapokuwa ni dhaifu na hakuna akuonaye. Ukiiona ina ufa, mwambie mwenyewe. Kisha tega fumbo lako, litie katika wimbo, umpe mwenzako alifumbue.